Baiskeli niliyotengenezewa Ng'ambo: si mradi, ni ya kuchezea

Naandika kuhusu baiskeli moja na fundi mmoja wa eneo la Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Nawalenga watu wa rika langu, waliostaafu au wanaokaribia kustaafu, akina mama hasa. Nilipokuwa natafuta baiskeli sikumpata wa kuniambia nichague ipi, niende kwa nani, na mwili uliopita miaka sitini unataka nini juu ya kile chuma. Kila niliyemuuliza aliniuliza yeye kwanza: ya nini?

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa. Baiskeli ni nzuri, fundi ni mwaminifu, bei ni ya haki. Kama magoti yako bado yanakunja na mtaani kwenu hakuna mchanga mtupu, nenda katengenezewe. Katika nyota tano natoa nne. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya breki, na nitafika huko.

Nilianzia madukani, kama afanyavyo kila mtu. Kwenye duka moja hapa mjini kijana alinipokea kwa heshima zote: shikamoo mama, karibu kiti, maji utakunywa? Halafu akauliza, "Mjukuu ana miaka mingapi?" Nikamwambia baiskeli ni yangu mwenyewe. Akanipeleka moja kwa moja kwenye baiskeli nyeusi ya kiume, keria yake imeongezewa nondo, akaipiga kofi kitini. "Hii mama inabeba gunia mbili za mkaa. Ukimpa kijana akakuletea hesabu kila jioni, mwaka hauishi imerudisha hela yake." Nikarudia kwamba sitabeba mkaa wala simpi kijana. Basi akanionyesha ile ya mazoezi, isiyotembea, ya kukanyagia sebuleni. Nilimshukuru nikatoka.

Hapa kwetu baiskeli ni mfanyakazi, ndiyo maana hakunielewa. Inabeba madumu ya maji, mkaa kutoka porini, asali, majani ya tumbaku, kuku waliofungwa miguu wananing'inia kwenye usukani, mgonjwa na anayemshikilia. Kabla bodaboda hazijajaa, baiskeli ndizo zilizokuwa zikibeba abiria. Na mji wenyewe unazikubali. Tupo juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini ardhi imelala, milima hakuna ya kukutoa roho. Ukisema unataka baiskeli, anayekusikia anafikiria mzigo. Mimi nilitaka baiskeli isiyobeba kitu chochote isipokuwa mimi.

Mwalimu mwenzangu mstaafu ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Ng'ambo. Hana duka. Ana mwembe, benchi, sanduku la vifaa, turubai la kuvuta mvua ikija, na fremu kuukuu zilizoegemezana ukutani. Alinisalimu, akanikalisha, akauliza kitu ambacho dukani hakikuulizwa.

"Mwalimu, unataka kwenda nayo wapi?"

"Popote, baba. Nataka kuzunguka tu."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi tukutafutie nyepesi."

Hapo nikajua kazi nampa yeye. Hakuona ajabu, hakuniuliza kama nimeugua, hakuniuliza watoto wangu wako wapi. Kuzunguka tu, kwake, ilikuwa sababu inayojitosheleza, na mara moja akaanza kuipigia hesabu za kifundi.

Tulichagua fremu ya zamani ya kike, ile ambayo bomba lake la juu halipo, limeshuka chini kama bomba la pili. Hili ni la kwanza la kuzingatia. Kwa fremu ya kiume lazima urushe mguu kwa nyuma uvuke kiti, na fundi anasema watu wazima wengi huangukia hapo hapo, baiskeli ikiwa hata haijaanza kwenda. Kwenye ya kike unapitisha mguu mbele yako, unasimama katikati, unatulia, ndipo unakaa. Unaweza kuvaa gauni, unaweza kuvaa kitenge. Magurudumu ni ya inchi 26, siyo yale makubwa ya 28.

Kisha akanipima. Alichukua fito, akaisimamisha kandoni mwangu, akatia alama ya mkaa usawa wa nyonga. Kwa kijana, alinieleza, kiti hupandishwa mpaka ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini mguu unyooke kabisa. Hapo ndipo nguvu zote zinaingia kwenye mnyororo. Kwangu alikishusha chini ya hapo, ili nikiwa nimekaa vidole vya miguu yote miwili viguse ardhi. Nguvu inapungua kidogo, ila moyo unatulia sana. Ukitaka kusimama unasimama, hutafuti jiwe wala ngazi. Usukani nao akaupandisha na kuugeuza uje kwangu, mgongo ukanyooka, viganja vikaacha kubeba uzito wa mabega. Mwenye mgongo unaouma akisikia neno baiskeli hufikiria wale vijana wanaoinama na kiuno kikiwa juu. Hii unakaa wima, unaona mbele, unaona watu, unawasalimia.

Nilirudi kijiweni kwake mara kwa mara wakati anaiunga, mwanzoni kwa kufuatilia, baadaye kwa sababu nilipenda kukaa pale. Nieleze anavyonyoosha ringi, maana hapo ndipo utajua fundi na asiye fundi. Anapindua baiskeli ikae kwa kiti na usukani. Anachukua njiti ya kiberiti, anaibana kwenye foku kwa kidole gumba, ncha yake ikaribie ringi bila kuigusa. Anazungusha gurudumu taratibu. Ringi iliyopinda inakuja, inakuja, halafu sehemu moja inaigusa njiti: tss. Anasimamisha palepale, anaikaza spoku ya upande wa pili, anailegeza ya upande huu, robo mzunguko tu. Anazungusha tena. Tss imesogea. Anaendelea hivyo, hana haraka, mpaka njiti isipate cha kugusa popote. Mwisho anapitisha kucha kwenye spoku zote akisikiliza, iliyolegea hutoa sauti nzito akairudia. Kazi ile ilichukua sehemu nzuri ya asubuhi, na ndiyo sababu baiskeli yangu haiyumbi hata nikiachia mkono mmoja kumpungia mtu.

Watoto wa mtaa hujazana pale kuokota gololi chakavu zinazotoka kwenye magurudumu. Walikuwa wamechimba vishimo vyao kwenye kivuli, wanapiga. Nilichuchumaa nikaomba zamu. Binti mmoja alinitazama kama anataka kuniuliza vyeti, halafu akanipa gololi yake, akanionyesha pa kuweka kidole. Tulicheza mpaka fundi alipoita.

Akiwa anavalisha tairi nilimsimulia habari ya tairi lenyewe, na sasa nawasimulia nanyi kwa kuwa inanipendeza. Tairi la upepo kama tulijualo leo lilipata umaarufu kwa mkono wa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Belfast. Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 47, aliona kibaiskeli cha mwanawe cha magurudumu matatu kinamrusharusha mtoto juu ya barabara mbovu. Akafanya mpira wenye upepo, akauvisha magurudumu yale. Mwaka uliofuata akaupatia hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi. Magari yote yanayopita barabara ya Nzega, malori, mabasi, yanatembelea wazo la mtu mzima aliyeshughulikia mchezo wa mtoto kwa bidii zake zote. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe alikuwa na pancha zake kichwani." Tukacheka wote.

Sasa kuiendesha.

Natoka alfajiri ikishapambazuka, kabla jua halijawa kali. Nilijifunza baiskeli utotoni kwa ile ya baba, kwa kupitisha mguu ndani ya fremu kwa kuwa kitini sikufika, na tangu nilipoolewa sikuigusa tena. Mwili haukuwa umesahau. Mita chache za kwanza zilitikisika, kisha ikanyooka yenyewe, maana siri ni moja tu: ikilalia upande, geuza usukani upande huohuo, itasimama. Kijana wa fundi alikimbia kandoni ameshika kiti, na alipoachia sikujua.

Njia ninayoipenda inaelekea Kwihara, kusini magharibi mwa mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone kabla ya kuondoka kwa safari yake ya mwisho Agosti 1872. Miembe ya huko ni mikubwa, kivuli chake unaingia kama unaingia nyumbani. Kuna mahali barabara inashuka kidogo, kidogo kabisa, gari haliwezi hata kugundua. Nikifika pale naacha kukanyaga. Mnyororo unanyamaza, gurudumu la nyuma linaanza kulia trrrrr, upepo unaingia kwenye mikono ya gauni, na mimi nakaa tu nikipelekwa. Wakati mwingine natoa miguu kwenye pedeli nainyoosha mbele. Kufika chini nageuza, naisukuma hadi juu, nashuka tena. Walionikuta wanadhani nimeangusha kitu.

Niliowafundisha wanapiga kelele: "Mwalimuuu!" Wengine ni watu wazima na watoto wao mgongoni. Bibi mmoja anayeuza viazi karibu na reli hunipungia kila nikipita, nasi husalimiana, mwangaluka, na baada ya kuzoeana aliniomba ajaribu. Nilimshikia kiti.

Maneno yapo. Kwenye jumuiya mama mmoja alinivuta pembeni kwa huruma ya kweli, akaniuliza kama pensheni imechelewa, kwamba tunaweza kuchangishana. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana ni mtu mwema, nikamweleza kuwa nipo salama na fedha ya bodaboda ninayo. Binti yangu wa Dar alipopata habari alipiga simu usiku.

"Mama, nitakuwa nakutumia nauli kila mwezi. Acha kuhangaika."

"Sihangaiki, mwanangu. Nacheza."

Alinyamaza. Wiki ile ile akatuma kwa basi kengele ya shaba, ndiyo ninayotumia.

Jirani yangu ni Mzaramo, mstaafu wa reli, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka na mizigo hadi pwani. Siku ya kwanza kuniona alisimama katikati ya njia: "Hee! Mnyamwezi shingo imechoka! Mizigo ya kichwa imemshinda, sasa anabebwa na vyuma!" Nikamjibu nikimzunguka na kengele: "Afadhali mie naondoka. Wewe treni ilikushusha hapa, tangu siku hiyo hujasogea hatua!" Waliokuwa dukani walicheka mpaka mwenye duka akasahau chenji ya mtu.

Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema mchezo kwa mtu mzima ni mambo ya kuiga, ya kizungu, ya kwenye simu. Utani huu ni nini? Watu wazima na mvi zao wanataniana sokoni, wanataniana harusini, hata msibani mtani anajilaza njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Bao ni nini? Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora kuanzia mwaka 1937, alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na jioni akicheza bao na wazee wenzake. Hakuna aliyemuuliza kama ameishiwa. Waliotulea walijua kucheza mpaka uzeeni. Ni sisi, na hasa sisi wanawake, tuliokubali kwamba ukishazaa na kuitwa mama fulani basi kucheka kwa sauti na kukimbia vinakuwa vya watoto wako, halafu vya wajukuu, wewe unabaki kuwashikia viatu.

Na jambo linalonigusa kuliko hayo ni hili la mradi. Sheria inamruhusu mtumishi wa umma kupumzika akiwa na miaka 55 kwa hiari yake, na inampumzisha kwa lazima akifikisha 60. Mtaani hakuna anayekupumzisha. Tangu nilipopata kiinua mgongo kila mtu ana wazo la mradi wangu: kuku wa mayai, mashine ya kukoboa, pikipiki ya hesabu. Nia zao ni njema, na maisha ni magumu, simkatazi mtu kutafuta. Lakini mimi nina nyumba isiyovuja, nina vyumba viwili vya uani vinavyopangishwa, nina karanga na mihogo, nina watoto wanaojitegemea. Nimekaa nikapiga hesabu nikiwa na akili timamu, nikaona inatosha. Inatosha, na inayobaki ni siku, na siku hizo nataka kuzitumia kwa mambo mengine. Kijana mmoja alikuja nyumbani kuniomba nimkodishe baiskeli mchana ninapokuwa siitumii, atanipa elfu mbili kila siku. Nilimkatalia kwa upole. Ikianza kuleta hesabu nitaanza kuilinda, nitahesabu matairi, nitakasirika mvua ikinyesha, na asubuhi yangu itakuwa na bosi.

Pia sitaki kuificha nyuma ya afya. Najua Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sisi wa miaka 65 na zaidi tuongeze mazoezi ya usawa na nguvu za mwili siku 3 au zaidi, ili tusianguke ovyo. Baiskeli inasaidia, na magoti yangu yamekuwa laini tangu nianze, asubuhi siyashiki tena kwa mikono kuinuka kitandani. Ila nikiulizwa sijibu "mazoezi", ingawa ndilo jibu linalomridhisha kila mtu. Najibu kwamba napenda tu. Kama kesho daktari akisema haina faida yoyote mwilini, bado utanikuta njia ya Kwihara.

Turudi kwenye chombo, maana niliahidi kasoro.

Breki ni za fito, zile zinazovuta vipande vya mpira vibane ringi. Siku kavu zinashika vizuri na hazina waya wa kukatika. Mvua ikinyesha, ringi ikilowa, unabana na baiskeli inaendelea na safari yake. Huku mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ni nusu ya mwaka ya kuwa na tahadhari. Fundi alinibadilishia mipira ikawa afadhali, haikuwa suluhisho. Ninachofanya: barabara ikilowa naanza kubana mapema, mbali kabisa na njia panda, na kwenye mteremko wenye watu nashuka. Ukiagiza yako mwambie akufungie breki za waya mbele na nyuma tangu mwanzo. Zinawezekana, ila ringi na vishikio lazima viendane, ndiyo maana kubadilisha baadaye kunakuwa na gharama.

Mchanga ni adui wa pili. Njia nyingi za pembeni hapa ni mchanga, na tairi hizi nyembamba zinazama, usukani unakuponyoka. Usishindane. Shuka, sukuma, panda mbele. Ukilazimisha utaanguka, na mifupa yetu haipendi.

Dinamo ya taa inafanya kazi, lakini ikigusa tairi baiskeli inakuwa nzito na inalia kama nyuki, halafu ukisimama taa inazima. Mimi gizani siendeshi, kwa hiyo nimeiacha imening'inia. Kiti nilikinunua kingine, kipana chenye springi mbili nyuma. Kile cha awali kilikuwa chembamba, hakikumfaa mwanamke. Uzito wa baiskeli nzima ni kilo 20 hivi, usitegemee kuibeba ngazini.

Mnyororo una kava kamili, mafuta hayagusi nguo. Gurudumu la nyuma alilipigia nyuzi za nailoni kutoka madigadi hadi katikati, pande zote mbili, kitenge kisiingie kwenye spoku. Sijui mafundi wangapi wanakumbuka hilo. Huyu hakuambiwa.

Gharama yote ilikuwa shilingi 230,000, kiti nilichonunua pembeni hakimo. Ilichelewa kuliko alivyoahidi kwa sababu ringi zilikuwa zinasubiriwa kutoka Mwanza, ila kila ilipochelewa alipiga simu mwenyewe, hakusubiri nimfuate. Pancha anaziba kwa utaratibu: tyubu inazamishwa kwenye beseni mpaka mapovu yaonyeshe tundu, anakwangua kwa msasa, solusheni, anasubiri ikauke ndipo kiraka, halafu anapapasa ndani ya tairi kutafuta mwiba ulioleta shida. Wengi huruka hiyo hatua ya mwisho, unarudi kesho yake. Baada ya muda alinikumbusha niilete akaze spoku upya, maana gurudumu jipya hulegea likishatembea, na hakunitoza.

Ijumaa mchana hufunga kwenda msikitini, na siku za mnada huwa na foleni ya wenye mizigo, ambao ni haki yao kutangulia kwa kuwa wanatafuta riziki. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Vaa nguo utakayoendeshea, apime nayo. Mwambie uzito wako kweli. Kama goti moja ni bovu mwonyeshe ni lipi, atajua mguu upi wa kuanzia kupanda. Toa nusu ya fedha, nusu umpe ukishaizungusha mwenyewe mbele yake.

Mzaramo wangu ameagiza na yeye. Amekataa katakata fremu ya kike, anataka bomba la juu, anasema goti lake ni la reli. Fundi amemwambia akarushe mguu mara ishirini pale kwenye benchi kwanza ndipo wazungumze. Jana nilipita nikamkuta anarusha, ameshikilia mwembe, na watoto wa gololi wanamhesabia.